Utelezi na Masharti Yake
Mhadhara juu ya vilainishi yabisi katika joto kali



Maudhui niliyotakiwa kuyasemea jioni hii yaonekana kwa dhahiri yake kuwa ni ya mafundi peke yao, nayo ni namna joto kali linavyovitenda vile vitu vikavu, vya unga au vya utando, vinavyotiwa baina ya chuma na chuma ili vyuma visilane. Lakini kwa kuwa tumekutana Changamwe, bara ya magharibi ya kisiwa cha Mvita, ambapo nyumba nyingi zimelelewa kwa mishahara iliyotoka katika viwanda vya moto, sioni haja ya kuomba radhi kwa kuyaleta mbele yenu. Hapa hapa petu kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi, ambacho kampuni yake iliundwa mwaka 1960, kilifanya kazi tangu 1963 hata 2013. Ng'ambo ya hori ya Tudor, kupita Kisauni, kiwanda cha simiti cha Bamburi kimekuwa kikiyachoma matumbawe ya kale tangu mwaka 1954. Katika kazi za namna hiyo kuna mahali ambapo mafuta ya mashine hayafiki, au yakifika huungua kabla hayajatenda la maana, kwani mafuta ya kawaida yakikaa muda mrefu juu ya nyuzi 150 za Selsiasi huanza kuharibika, na grisi yake hugeuka masizi magumu yanayokwaruza badala ya kulainisha. Na mahali hapo ndipo vilainishi yabisi vinapoitwa.

Wala msidhani kuwa vitu hivi ni vigeni kwenu. Mtu wa Likoni ambaye kufuli lake limeliwa na hewa ya chumvi, akaisugua ncha ya penseli juu ya ufunguo mpaka kufuli likakubali, ametumia kilainishi yabisi. Na fundi wa matatu anayejaza grisi nyeusi katika jointi za ekseli ameshika mkononi kilainishi cha pili, kwa maana weusi ule aghalabu ni wa unga wa salfaidi ya molibdeni. Cha tatu kiko jikoni, katika sufuria isiyoshika chakula.

Sasa, mnunuzi aingiapo dukani kutafuta kitu cha kutia mahali penye moto, swali lake la kwanza, na mara nyingi la mwisho, huwa ni hili: kinayeyuka kwa joto kiasi gani? Swali hilo lina sura ya hekima, ila laelekea upande usiokuwa na jibu. Penseli ile ya kufuli imetengenezwa kwa grafiti, madini meusi ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita kinywe, na ambayo hupatikana Mahenge, na pia Merelani pamoja na tanzanaiti. Na kinywe hakiyeyuki hata joto lipite nyuzi 3,000, joto ambalo chuma cha tanuri lenyewe kisingeliona kikiwa chuma. Hata hivyo, kinywe hicho hicho, kikiwekwa katika hewa hii tunayoivuta, huanza kutoweka baina ya nyuzi 450 na 500. Kimekwenda wapi na hali hakikuyeyuka? Kimeliwa na oksijeni, kikageuka hewa ya kaboni, kikapaa. Rai yangu, ambayo nitaishikilia mpaka mwisho wa maneno haya, ni kwamba utelezi si mali ya unga, bali ni mapatano ya watatu, yaani unga, joto na hewa inayouzunguka. Na anayeuliza juu ya mmoja tu kati ya hao watatu atanunua kitu kizuri na kukitia mahali pabaya.

Na tuanze na kinywe, maana ndicho chenye visa vingi. Mwaka 1924 mwanachuoni J. D. Bernal alionyesha kwa miali ya eksirei kuwa kinywe kimejengwa kwa tabaka bapa za kaboni, zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila tabaka ikiwa imefumwa kwa nguvu kubwa ndani yake lakini ikishikana na jirani yake kwa ulegevu. Watu wakastarehe na maelezo hayo, wakasema kuwa sababu ya utelezi imejulikana na kesi imekwisha, kumbe haikuwa imekwisha. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ndege zilianza kuruka juu sana, penye hewa nyembamba na kavu, na brashi za jenereta zake, ambazo ni vipande vya kaboni na kinywe vinavyosugua shaba inayozunguka, zikawa zikisagika kuwa vumbi kwa kasi ambayo hakuna aliyeiona chini ardhini. Mwaka 1948 R. H. Savage wa General Electric, Marekani, alibainisha kwa majaribio kuwa kinywe kikinyimwa mvuke wa maji hakitelezi, bali husagana na kuisha. Na kwamba kiasi kidogo mno cha mvuke kikirudishwa, utelezi nao hurudi.

Yeyote kati yenu aliyewahi kusimama jikoni mwezi wa Ramadhani ameona manda za sambusa zikitengenezwa: donge juu ya donge, baina yake mafuta na unga, zikasukumwa pamoja, zikaonyeshwa moto, kisha zikabanduliwa moja moja kwa wepesi, na ameona pia kuwa aliyefanya ubahili wa mafuta na unga hupata manda zilizogandana, zikararuka kila akizivuta. Tabaka za kinywe ndivyo zilivyo. Mvuke wa maji hujipachika katika kingo zake, pale ambapo atomu za kaboni hazina mwenzi na zina tamaa ya kushika chochote kilicho karibu, ukazituliza, na tabaka zikapita moja juu ya nyingine pasipo kushikana. Kwa hiyo ile rutuba ya hewa ya pwani, ambayo tumezoea kuilaumu kwa kutu na kwa kuta kuota ukungu, ni nusu ya dawa ya lile kufuli la Likoni.

Mkishalipokea hilo, mtaona kwamba joto hukishambulia kinywe mara mbili, na kwa njia mbili zisizofanana. Shambulio la kwanza huja mapema, wakati joto limepita lile la maji kuchemka na kuendelea, ambapo mvuke uliojishika katika kingo huanza kuzikimbia, na msuguano ukapanda ilhali kinywe chenyewe kiko salama, hakikupungua hata chembe. Oksijeni ya hewa yaweza kushika nafasi ya maji kwa kiasi fulani, lakini si mbadala mwepesi, kwani huhitajika nyingi zaidi. Shambulio la pili ni lile la kuungua. Fundi aliyeona mashine ikilia kwenye nyuzi 200 akadhani kinywe chake kimeungua, akaongeza kingine juu yake, ametibu maradhi ambayo hayapo. Tena kuungua kwenyewe hakuna saa moja maalumu: unga laini, kwa kuwa una uso mwingi ulio wazi, huwaka mapema kuliko gamba pana, na chumvi za sodiamu na potasiamu huuchochea moto huo ukaanza chini ya kiwango kilichoandikwa koponi, jambo linalotuhusu sisi tunaoishi penye upepo wa bahari, na linawahusu zaidi wale wanaofanya kazi katika vumbi la simiti, ambalo halikosi chumvi hizo.

Niruhusuni nikae kidogo penye tanuri la simiti, kwa sababu sijui mahali palipo bora zaidi pa kulisoma jambo hili. Tanuri la namna hiyo ni bomba kubwa la chuma lililolazwa kwa mwinamo mdogo, limetandikwa matofali ya moto ndani, nalo huzunguka polepole, mizunguko michache tu kwa dakika, huku mawe ya chokaa na udongo uliosagwa ukiingia kwa upande wa juu na kushuka kuelekea kwenye mwali, mpaka vikifika nyuzi 1,450 hivi vikaungana kuwa klinka. Bomba hilo, pamoja na matofali na mali iliyomo, ni mamia ya tani, na uzito wote huo hubebwa na pete nene za chuma zilizolivaa bomba kwa nje, kila pete ikikaa juu ya rola mbili. Chuma cha nje, licha ya kukingwa na matofali, huwa baina ya nyuzi 200 na 350.

Pete haikukazwa juu ya bomba, na hapa ndipo penye siri. Imeachiwa nafasi, kwani bomba lililo karibu na moto hutanuka zaidi ya pete iliyo nje, na kama pasingekuwapo nafasi hiyo, bomba lingejibana ndani ya pete yake mpaka likabonyea na matofali yakapasuka. Lakini kwa kuwa tundu la pete ni pana kuliko bomba, pete haiwezi kuzunguka sawa na bomba; kila mzunguko huachana kidogo, na kuachana huko ni kusuguana kwa chuma na chuma chini ya mzigo mkubwa. Mafundi huchora mstari wa chaki juu ya pete na juu ya bomba, wakangoja mzunguko mmoja utimie, wakapima mistari hiyo imetengana kwa milimita ngapi. Ikitengana mno, nafasi imekuwa kubwa na bomba litapoteza umbo lake. Isipotengana kabisa, bomba limekwisha kubanwa na hatari iko mlangoni. Kuna vipimo vya umeme vya kufanya kazi hiyo, ila binafsi sijaona kimoja kilichoipita chaki kwa uaminifu.

Katika nafasi ile, baina ya pete na bomba, grisi haina maisha. Kinachotiwa ni kinywe kilichochanganywa na kimiminika cha kukibeba, ambacho kikiukuta uso wa moto hupaa na kukiacha kinywe kimejipaka kama utando. Kwenye nyuzi 300 utando huo hauungui. Utelezi wake umepungua, kwa sababu tuliyoisema ya mvuke, walakini watosha kazi, maadamu mwendo ni wa taratibu na utando wenyewe huongezwa mara kwa mara. Balaa hutokea pale matofali ya ndani yanapoanguka karibu na pete. Chuma cha nje kikakosa kinga yake, kikapanda hadi kuonyesha wekundu gizani, yaani nyuzi 550 au zaidi, na kinywe kilichokuwapo kikaungua chote kikaacha chuma kitupu. Na tazameni jinsi mambo mawili yanavyokutana kwa wakati mmoja: joto lile lile lililokiondoa kinywe ndilo lililolitanua bomba na kuipunguza nafasi, hata msuguano ukawa mkubwa kuliko siku zote katika saa ile ile ambapo kilainishi hakipo. Kuongeza kinywe juu ya doa jekundu ni kukitia motoni. Tadbiri ya hapo ni ya kukipoza chuma cha nje na kuyatengeneza matofali, na kilainishi kingoje zamu yake.

Uso wa nje wa pete, unaokutana na rola, una hukumu nyingine. Hapo huwekwa kipande kizima cha kinywe, mfano wa tofali dogo, kikiegemea rola kwa uzito wake na kujisaga kidogo kidogo. Mafuta ya maji maji hayatakiwi, si kwa sababu ya joto peke yake, bali kwa kuwa huingia katika nyufa ndogo za uso, na rola inapopita juu yake hubanwa humo ndani na kuzipanua nyufa hizo mpaka chuma kikabanduka vipande. Tena utelezi wenyewe usizidi hapo. Tanuri limelazwa kwa mwinamo na hutaka kuteremka. Linalolizuia, kwa sehemu kubwa, ni msuguano wa rola zilizopindwa kidogo kwa makusudi ili zilisukume kurudi juu, na mpakaji mkarimu kupita kiasi ataliona tanuri zima likishuka na kuegemea upande mmoja. Ni mahali pachache ambapo mtu hulipwa ili alainishe, na hulaumiwa akilainisha vizuri mno.

Katika kiwanda cha mafuta ghafi mambo yalikuwa tafauti, kwa sababu hewa yenyewe ni tafauti. Mafuta ghafi hupashwa moto hadi nyuzi 350 au zaidi kidogo kabla ya kuingia katika mnara wa kuyatenganisha, na vali za mabomba hayo, pamoja na zile za mvuke, huwa na kijiti kinachopanda na kushuka ndani ya ufungo usiopitisha kitu. Ufungo huo zamani ulikuwa wa asbesto, ambayo ilikuja kutupwa kwa kudhuru mapafu, na mahali pake pakashikwa na utepe wa kinywe kilicholainishwa. Utepe huo, ambao katika hewa hukadiriwa kwa nyuzi 450 hivi, katika mvuke huaminiwa hadi 650. Kitu ni kile kile na moto umezidi, na bado kinaishi, kwa kuwa mvuke wa maji hauna ile oksijeni huru ya kukila upesi. Sijui dalili iliyo wazi kuliko hiyo kuwa kipimo kilichoandikwa koponi, kisipotaja hewa, ni nusu ya habari.

Twende kwa ile grisi nyeusi ya jointi. Salfaidi ya molibdeni imejengwa kwa tabaka vile vile, lakini kila tabaka ina molibdeni katikati na salfa pande zote mbili, na nyuso za salfa zikikutana hazishikani. Utelezi wake umo ndani yake, hautegemei mgeni. Kwa hiyo tabia yake ni kinyume cha kinywe: palipo pakavu kabisa huteleza sana, na unyevu ndio unaouharibu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kuzichunguza nyota kwa eksirei. Vyombo vinavyokwenda huko juu huingia pasipo na hewa, mahali ambapo mafuta ya kawaida hupaa na kinywe husagika kama zile brashi za ndege. Na huko ndiko salfaidi ya molibdeni ilikojipatia sifa, maana pasipo oksijeni hustahimili hata kukaribia nyuzi 1,000. Iteremsheni sasa ardhini, muitie katika hewa yetu: baina ya nyuzi 350 na 400 oksijeni huifukuza salfa, na kinachobaki ni oksidi ya molibdeni, unga usioteleza. Yaani katika hewa hufa mapema kuliko kinywe, ingawa kwa bei dukani yaonekana kuwa na cheo.

Hata huko angani si kila mara ilifika salama. Chombo cha Galileo, kilichorushwa mwaka 1989 kuelekea Mushtarii, kilishindwa mwaka 1991 kuufungua mwavuli wa antena yake kuu, na wachunguzi wakaona kuwa yaelekea kilainishi kikavu cha pini zake kilikuwa kimesagika kwa mtikiso wa malori yaliyokibeba chombo huku na huku Marekani kabla ya safari. Hilo si la joto, nami nalitaja kwa kuwa utando wa namna hii ukiondoka haurudi wenyewe kama mafuta yanavyorudi.

Kuna jambo moja la kipimo ambalo hupuuzwa. F. P. Bowden na David Tabor wa Cambridge waliwafundisha watu kuwa nyuso mbili za chuma, hata zikiwa laini machoni, hukutana kwa ncha chache tu, na kwamba mwendo ukiwa wa kasi, ncha hizo hupata kwa nukta ndogo ya wakati joto linalozidi kwa mamia ya nyuzi lile lililoonyeshwa na kipima joto. Katika tanuri la simiti, linalojikokota, tofauti hiyo si kitu. Katika mhimili unaozunguka mara maelfu kwa dakika ndiyo inayohukumu, na mtu anayesema mashine yake iko nyuzi 250 tu, hivyo salfaidi yake ina salama, amepima ukuta na kuusahau moto. Tefloni, iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, nitaipita haraka: huteleza vizuri sana, mwisho wake wa kazi ni nyuzi 260, huyeyuka 327, na ikizidishiwa moto hutoa moshi wenye sumu. Iache jikoni, na jikoni usiiache juu ya moto ikiwa tupu.

Imebaki sehemu ya juu ya nyuzi 500, ambapo vyote hivyo vimeaga. Boroni naitraidi, ambayo ni nyeupe na tabaka zake zafanana na za kinywe, huvumilia hewani hadi karibu nyuzi 900, ila ni ghali na ikiwa baridi haitelezi kama kinywe. Njia iliyonistaajabisha zaidi ni ile ya Harold Sliney na wenziwe wa NASA mjini Cleveland, ambao waliacha kutafuta kitu kinachoshinda joto, wakatafuta kinacholihitaji. Floraidi za kalsiamu na bariamu zikichanganywa, 38 kwa 62 katika mia, ni jiwe gumu na kavu zikiwa baridi, hazina faida yoyote ya utelezi. Zikipita nyuzi 400 au 500 huanza kulegea na kuteleza, zikaendelea hivyo mpaka karibu na kuyeyuka kwake kwenye 1,022, wala oksijeni haizidhuru, kwani haina cha kuchukua kutoka kwao. Na kwa kuwa mashine yoyote ya moto huanza siku yake ikiwa baridi, waliongeza fedha, ambayo ni laini na hushika zamu ya chini. Utando mmoja wao uitwao PS304 una fedha sehemu 10 na floraidi sehemu 10 katika mia kwa uzito, vilivyobaki vikiwa ni mchanganyiko wa nikeli na kromu pamoja na oksidi ya kromu, nao umejaribiwa tangu baridi ya kawaida hadi nyuzi 650 juu ya mihimili inayoelea juu ya hewa, isiyogusana na kitako chake ila wakati wa kuanza na wa kusimama.

Wengine wenu mmekwisha kutabasamu, kwa maana mwalijua jiwe hilo. Floraidi ya kalsiamu ndiyo ile iliyochimbwa kwa miaka mingi Kimwarer, katika bonde la Kerio, ikateremshwa mpaka bandari ya Mombasa na kupakiwa melini. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama hapo hapangekuwa na soko. Jibu langu ni kwamba floraidi hununuliwa kwa kutengeneza asidi, na kwa kazi za kuyeyusha chuma na kutoa aluminiamu, ambako huingia kwa meli nzima; kiasi kinachopakwa juu ya mhimili mdogo wa namna niliyoieleza hakijazi kijiko cha chai, na bei ya kukipaka iko katika mtambo wa kukirusha kikiwa katika moto mkali, haiko katika jiwe.